Usiku wa Jumanne

Jumanne, 17 Juni

Miche ya vitunguu imeshika. Hata ile ya pembeni niliyoikanyaga mwanangu Kibonge aliponivuta nywele akiwa mgongoni imeinua shingo.

Jana ilikuwa zamu yetu ya maji. Yamekuja kama mgeni asiyetaka kukaa: yameingia mferejini, yamelowesha matuta ya wa juu, yakaishia kwa jirani yangu Mama Pacha. Kwangu, mwisho kabisa wa mfereji, imefika michirizi. Mama mkwe anasema mfereji una tope, tulizoe.

Msimu huu nitauandika. Niliishia darasa la sita na mwandiko wangu unapanda mlima, lakini vitunguu hivi vikikubali tutaezeka chumba cha pili, Kibonge asilale tena pale panapovuja. Jambo kama hilo ni vizuri liwe na kumbukumbu.

Jumapili, 22 Juni

Tumezoa tope kutwa. Mgongo si wangu.

Jumanne, 24 Juni

Mfereji sasa ni msafi kama sahani, na maji yamekuwa machache kuliko wiki jana.

Kabla ya mgodi tulikuwa na zamu mbili kwa wiki sisi wa mfereji wa chini. Mwaka jana mgodi ulipoanza kuosha mawe yake uliomba maji, wakubwa wetu wakakubali kuupa zamu moja. Mkataba ukasomwa mbele ya watu: usiku wa Jumatatu wa mgodi, usiku wa Jumanne wa kwetu. Mama mkwe ndiye mshika ufunguo wa lango letu na ndiye anayeandika kitabu cha lango. Kila wiki anaandika maneno yale yale, "usiku wa Jumanne, lango wazi", halafu anapuliza wino ukauke, ingawa anaandika kwa penseli.

Jumanne, 1 Julai

Michirizi.

Alhamisi, 3 Julai

Leo tumekwenda ofisi ya maji, mimi na Mama Pacha, watoto watatu kati yetu. Ofisi ni chumba kimoja chenye kaunta na feni isiyozunguka. Nyuma ya kaunta yuko karani ambaye mji mzima unamwita Njoo Kesho, na jina halikumwonea.

Nikamwamkia: "Shikamoo."

"Marahaba mama. Njoo kesho."

"Sijasema shida yangu."

"Shida si ya maji? Hapa hatuuzi mkaa."

Mama Pacha akaweka mtoto mmoja juu ya kaunta, akamketisha kabisa, miguu ikaning'inia upande wa karani. Njoo Kesho akamtazama yule mtoto, mtoto akaivuta kalamu yake. Ndipo akafungua kabati.

Alikuwa na nakala ya kitabu chetu cha lango na karatasi za mita ya mgodi. Akaziweka sambamba, akawa anatupitisha kwa kidole.

"Kitabu chenu: usiku wa Jumanne, lango wazi. Usiku wa Jumanne, lango wazi. Kila wiki. Mita ya mgodi: Jumatatu usiku wamevuta. Jumanne usiku hawajavuta hata tone. Kwa hiyo usiku wenu mto wote ulikuwa wenu. Maji mmeyapeleka wapi?"

"Hayafiki," nikasema.

"Kitabu chenu wenyewe kinasema yanafika."

"Kinasema lango liko wazi."

"Mama, lango likiwa wazi na mto una maji, kinachopita pale ni nini, upepo?"

Mama Pacha akamwambia hiyo mita ya mgodi labda imeshonwa na fundi cherehani wa mgodi. Njoo Kesho hakucheka. Akasema mita imefungwa lakiri na ofisi, si na mgodi. Halafu akatuambia lile ambalo sikulijua: mgodi umeandika barua. Zamu isiyotumika hupewa anayeitumia. Mazao yetu yanakauka huku kitabu kinasema tumemwagilia, basi sisi ni wavivu au maji tunayamwaga. Kikao ni mwezi wa nane. Tukishindwa, usiku wetu wa Jumanne nao unakwenda.

Njiani Mama Pacha alinyamaza mpaka tulipopita kituo cha mafuta, na kwake huo ni mwendo mrefu.

"Mwenzangu," akasema, "ufunguo uko kwa nani?"

"Kwa mama mkwe. Unajua."

"Najua. Na mwanawe kapata kazi wapi?"

Nikahamisha Kibonge bega la pili. Mume wangu anaziba matairi ya malori kwenye karakana ya mgodi. Alichukuliwa mwaka jana, miezi ile ile ya mkataba.

"Sisemi kitu," akasema Mama Pacha. "Nauliza tu, kama kipofu anavyouliza njia."

Ijumaa, 4 Julai

Nimekwenda kesho, kama alivyosema. Amesema njoo Jumatatu.

Jumanne, 8 Julai

Jana nilikwenda langoni mwenyewe. Mama mkwe alifungua kufuli jua lilipogusa mlima, si kabla. Akainua ubao wa lango kwa mikono miwili, akakataa nimsaidie. Maji yakaja kifundo cha mguu, yakashuka, yakashuka tena. Alisimama akiyatazama kama mtu anayesubiri jibu.

Nikamuuliza, "Mama, ni haya tu?"

"Unaona mengine nimeyaficha kwenye kanga?"

Sikulala vizuri. Mtu mwenye hatia angejibu hivyo. Na mtu asiye na hatia naye angejibu hivyo hivyo.

Jumamosi, 12 Julai

Kibonge amesimama bila kushika kitu, akashangaa, akakaa. Hayo ndiyo ya leo, na yanatosha.

Jumatano, 16 Julai

Nimegombana na Baba Kibonge. Alirudi na mafuta ya grisi mpaka masikioni, nikamwekea maji ya kuoga, nikasubiri aoge, maana mtu mwenye sabuni machoni huwezi kumuuliza jambo zito. Nikasema watu wanasema mama yake anafungua nusu ya lango, na malipo ni kazi yake yeye.

Alijipangusa uso. Halafu akasema, "Watu ni nani?"

"Watu."

"Watu hawana jina. Wewe unasemaje?"

Nilisema sijui. Hilo ndilo lililomuumiza, nimeliona. Akachukua mkeka wake akalala upande wa mlango. Asubuhi alimbusu mtoto, mimi akanipita.

Sikusema uongo. Kwa kweli sijui. Vitunguu vinaanza kuwa njano ncha, na mimi namwangalia bibi wa mtoto wangu kama mwizi kwa sababu ya maji ambayo hata yeye kwake hayafiki.

Jumanne, 22 Julai

Michirizi.

Jumanne, 29 Julai

Nimeng'oa matuta ya upande wa barabara. Vitunguu vidogo kama shanga. Nimewapa kuku, kuku wamekataa.

Mama Pacha sasa anasema wazi wazi, hata kisimani. Leo mama mkwe alifika kuteka, wanawake wakanyamaza wote kwa pamoja, kama redio iliyozimwa. Akajaza ndoo yake polepole, akasema, "Endeleeni. Mimi si mwalimu mkuu." Akaondoka anachechemea. Goti linamsumbua. Nilitaka kumbebea ndoo na sikumbebea.

Jumanne, 5 Agosti

Mama mkwe amekuja mpaka mlangoni, jambo ambalo hafanyi. Amesema goti limevimba, na kwa kuwa nina mkono mzuri wa kukanda, nije nilale kwake usiku wa Ijumaa. Nimekubali haraka kuliko nilivyopanga.

Maji jana: usiulize.

Jumamosi, 9 Agosti

Jana jioni nikafunga mlango, nikambeba Kibonge, nikaenda kwa mama mkwe na mafuta ya kukandia. Nimemkuta ameketi kwenye kigoda, uso umekunjwa kama karatasi ya sukari.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukanda goti, mama."

"Goti lilikuwa jana. Jana nimechemsha maji, nimetandika kitanda, nimekungoja mpaka maji yamepoa. Leo nimekwenda kwa mkandaji, amenivunja."

"Lakini mama, ulisema usiku wa Ijumaa."

"Na jana usiku ulikuwa wa nini?"

"Wa Alhamisi."

Alinitazama kwa huruma kweli, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu mguu si wake.

"Usiku wa Ijumaa ndio unaoleta Ijumaa. Usiku hutangulia, mchana wake hufuata. Wewe kwenu nani alikufunza, kwamba mchana unazaliwa kabla ya usiku wake?"

"Sisi tunasema hivyo, mama. Wenzangu wote. Usiku wa Ijumaa ni Ijumaa ikiisha."

"Ndiyo maana hamfiki popote kwa wakati."

Nilimkanda hivyo hivyo. Kibonge alilala juu ya tumbo lake, na hakuna aliyetaja maji.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeacha chungu motoni ili niandike hili kabla halijanitoka.

Asubuhi Baba Kibonge amerudi amechelewa, amechoka, lakini anaongea. Siku hizi tumeanza tena kuongea. Akasema jana usiku wamemkalisha kazini kwa sababu ukanda wa pampu ya mtoni ulikatika, na hakuna mwingine aliyejua kuuunga. Nikamuuliza, pampu ilikuwa inafanya nini jana?

"Inavuta. Pampu nyingine hufanya nini?"

"Jana ni zamu yetu."

"Jana Jumatatu. Jumatatu usiku ni ya mgodi, imeandikwa mpaka ukutani kwenye kibanda cha pampu."

"Baba Kibonge. Jumatatu jua likizama mama yako anafungua lango. Tangu nimeolewa. Jana nilikuwepo."

"Basi anafungua siku ya watu."

Nikamjibu kwamba kitabu kinasema usiku wa Jumanne. Na nilipoyasema hayo kwa mdomo wangu mwenyewe nikasikia sauti ya mama mkwe: usiku ndio unaoleta.

Nimekaa chini. Mwaka mzima nilikuwa naona "usiku wa Jumanne" kitabuni na sikujiuliza. Nilidhani anaandika hivyo kwa sababu kumwagilia kunaisha alfajiri ya Jumanne, na usiku wa mgodi nao unaisha alfajiri ya Jumatatu. Kumbe kwa mama mkwe, na kwa wakubwa wote waliousikiliza mkataba, usiku wa Jumanne ni ule unaoamkia Jumanne. Kwa mgodi na kwa Njoo Kesho ni ule unaoanza Jumanne ikiisha. Mgodi umepewa usiku wa Jumatatu, unavuta Jumatatu usiku. Sisi tumepewa usiku wa Jumanne, tunafungua Jumatatu usiku. Usiku mmoja, watu wawili, kila mmoja ana karatasi inayompa haki. Na wao wako juu ya mto, wana pampu. Sisi tuko chini, tuna ubao, na Jumanne jua likizama hatuwezi kufungua: kwa wakubwa huo ni usiku wa Jumatano, zamu ya mfereji wa juu.

Baba Kibonge alinisikiliza akiwa ameshika soksi moja. Halafu akauliza polepole, "Sasa ule usiku mliowaachia mgodi nyinyi, unaoamkia Jumatatu, nani anautumia?"

Hakuna. Sisi tumelala tukijua ni wa mgodi. Mgodi wamelala kwa kuwa Jumapili hakuna zamu ya kazi. Tangu mwaka jana mto mzima unapita mbele ya lango letu lililofungwa kufuli, unakwenda zake.

Chungu kimeungua.

Jumatano, 13 Agosti

Nilidhani mama mkwe atafurahi. Nilimweleza nikiwa nachora chini kwa kijiti, usiku huu, mchana huu.

"Mimi nimeandika sawa," akasema.

"Ndiyo mama."

"Kila neno sawa."

"Ndiyo."

Akakaa. Akafunga na kufungua fundo la kanga ambamo anaweka ufunguo. Halafu akasema, si kwangu, "Yalikuwa yanapita nami nimelala."

Nilitaka kumwambia kisimani wanasema nini, kwamba sasa watanyamaza. Sikuweza. Anajua wanasema nini.

Jumatano, 20 Agosti

Kikao.

Ukumbi wa shule, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Mbele alikaa mkuu wa ofisi ya maji, mama mmoja mpole wa miwani, Njoo Kesho kando yake na makabrasha. Wa mgodi alikuwa bwana tunayemwita Helmeti kwa kuwa haivui, hata ndani. Mume wangu hakuja. Aliniambia akija atarudi bila kazi. Nikamwambia asije, na nilisema kwa moyo.

Njoo Kesho akasoma. Lango wazi, lango wazi, lango wazi. Mita, sifuri, sifuri. Yakisomwa hivyo hata mimi ningetunyang'anya. Mama Pacha akainuka kusema lake kuhusu wenye ufunguo. Nikamvuta nguo akaketi. Nikasimama mimi. Kibonge nilimpa mama mkwe.

Sikujua nianzie wapi, nikauliza tu: "Samahani. Jana usiku ulikuwa usiku wa siku gani?"

"Jumanne," akasema Njoo Kesho, bila kuinua macho.

"Jumatano," wakasema watu wa madawati ya nyuma, karibu pamoja.

Mkuu akainua macho. "Jumanne au Jumatano?"

"Jana ilikuwa Jumanne, mama," akasema Njoo Kesho.

"Mchana wake," akasema mama mkwe. "Jua lilipozama ukaingia usiku wa Jumatano, hii tuliyomo."

Ukumbi ukachemka. Vijana wanasema vile, wakubwa wanasema hivi, mzee mmoja na mwanawe walitazamana kama hawajawahi kuishi nyumba moja. Mkuu akamgeukia dereva wake aliyekuwa anasinzia mlangoni, akamuuliza.

"Inategemea," akasema dereva. "Kwa bibi yangu ni wa Jumatano. Kazini ni wa Jumanne."

"Mashine haina bibi," akasema Helmeti.

Watu walicheka, na mimi nilicheka, kisha nikaona kwamba ndicho hasa alichomaanisha.

Nilieleza yote. Mkuu alielewa, niliona ameelewa: alivua miwani akasoma mkataba upya, midomo ikitembea. Akamuuliza Helmeti kama mgodi unaweza kuhama usiku mmoja nyuma. Helmeti akasema Jumapili hawana watu, mkataba umesema Jumatatu, na wao wanasoma Kiswahili kilichoandikwa, si cha mababu. Nikasema basi wabaki na Jumatatu yao, sisi watupe ule wa Jumapili kuamkia Jumatatu, ambao hauna mtu. Nilikuwa nasema kitu chepesi kama kuomba kikombe kisichotumika.

Mkuu akasema atalifikiria. Akasema zamu haitahamishwa leo. Akasema pia kumbukumbu za msimu huu zitabaki kama zilivyo, maana zimeshasainiwa na pande zote. Kwa hiyo kwenye karatasi tumemwagilia vizuri mwaka mzima.

Nje, Mama Pacha alimsogelea mama mkwe. "Mama, jua kali leo."

"Kali," akasema mama mkwe.

Ndiyo ikawa samahani yao.

Ijumaa, 22 Agosti

Njoo kesho.

Jumatano, 27 Agosti

Njoo Kesho ametoa karatasi yenye muhuri. Tumepewa usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, kwa majaribio, "kuanzia mwezi ujao". Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kosa, sikuliona. Lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao ni tarehe saba, na matuta yaliyobaki kwangu hayana siku hizo. Ukibonyeza shina linabonyea, laini.

Nimekwenda kumbembeleza mama mkwe afungue Jumapili hii. Mto utapita bure, nani atajua.

"Karatasi inasema nini?"

"Mwezi ujao."

"Basi."

Nililia mbele yake kwa hasira. Alinipa kitambaa na hakubadili neno. Mwanamke huyu ni mnyoofu mpaka anachoma.

Jumapili, 31 Agosti

Mchana huu mama mkwe ametuma mtu aniambie nilete jembe jioni. Nikamkimbilia kabla ya jioni.

"Mama, leo ni tarehe thelathini na moja. Bado mwezi huu."

"Jua likizama ni mwezi ujao," akasema, akifungua fundo la kanga. "Ninyi ndio mna mwezi unaozaliwa katikati ya giza watu wamelala. Watu wote wa mfereji nimewaambia. Na Njoo Kesho akiuliza, mlete kwangu, nitamfundisha."

Jumatatu, 1 Septemba

Yalikuja. Nilisikia kabla ya kuona, sauti ya kitu kizito kinachoburuta majani. Yalijaza mfereji mpaka ukingoni, watu wakarukia makwao na majembe, kila mtu anafungua tuta lake na kuziba, anafungua na kuziba. Mama Pacha alipiga vigelegele akaingia mferejini mzima mzima, na viatu. Hakuna aliyegombania, maana yalikuwepo.

Lakini ardhi iliyokaa mwaka bila maji ina kiu ya mwaka. Kila tuta lilikunywa mara mbili ya desturi, na mimi ni wa mwisho. Kulipopambazuka yalikuwa yamefika kwangu, yamemaliza nusu, yanaelekea matuta manne ya mwisho, yale mazuri. Nikasikia ubao unashuka.

Nilikimbia mpaka langoni, tope mpaka kiunoni. "Mama, matuta manne tu. Bado manne."

Alikuwa anafunga kufuli. "Usiku umekwisha."

"Mto umejaa, mama. Unauona."

"Nauona. Wakija hao wa ofisi kusema tumezidisha, nataka niwaangalie machoni." Akachukua kitabu, akaandika, akapuliza. "Wiki ijayo utaanza wewe. Nimeshawaambia."

Nilikuwa na maneno, na yote yalikuwa mabaya. Nikarudi, nikachukua ndoo mbili, nikashuka mtoni, kwa sababu ndoo haina zamu. Nimemwagia tuta la kwanza shina kwa shina. Nilipogeuka kurudi kuteka nimemkuta mama mkwe mtoni anainama taratibu, mkono mmoja kwenye goti, anajaza ile ndoo ya pili niliyoiacha ukingoni.

"Usisimame," akasema. "Jua linapanda."